Vigingi Vimehamishwa

Ijumaa, 30 Mei

Kanipa usukani! Des! Mwenyewe! Bila kuombwa!

Naandika haraka kabla sijaanza kujishuku kwamba nimeota. Miaka thelathini na nne ya ndoa, gari likiwa na trela nyuma sijawahi kuligusa. "Trela halina masihara, Noeline." Leo tumeshamfunga Mavis, gari letu la mashindano, juu ya trela, thermosi iko miguuni, vyungu na blanketi vimepakiwa — na bwana mkubwa anazunguka, anafungua mlango wa abiria, anakaa, anafunga mkanda. Nimebaki nimesimama pale uani kama nguzo ya umeme.

Goti, anasema. Goti linamuuma.

Goti lipi? Kafikiri kwanza. La kushoto.

Basi nikaendesha mimi, milima yote ile hadi Taihape na kupita, Mavis akiyumbayumba nyuma. Landrova ya mwaka hamsini na saba, mzee kuliko mimi, na kwa mwendo huu ana afya kuliko Des. Sikugonga kitu. Nilitaka nisifiwe, sikusifiwa. Alikaa njia nzima mikono mapajani.

Nikamuuliza, kama goti ni bovu hivyo, Jumanne, sikukuu ikiisha, basi la shule utaliendeshaje? Klachi ile inataka mguu wa farasi. Akasema Jumanne litakuwa limepona. Goti gani hili lenye kalenda?

Tumefika kwenye banda la kunyolea kondoo, ndiyo makao yetu hadi Jumatatu. Klabu yote ipo, na matope yapo. Garth, rafiki na mshindani mkubwa wa Des, akatukimbilia, kaniona kwenye usukani, akashika kichwa. "Shemeji! Siku hizi umeajiri abiria?" Des akacheka na wenzake. Lorna, mke wa Garth, kaleta ile pai yake ya mayai na bekoni, nami nimeleta pavlova, ile keki ya ute wa mayai, iliyopasuka njiani. Nimeziba ufa kwa krimu. Hakuna atakayejua.

Tipene, mkuu wa mashindano, kasoma utaratibu. Mitego kumi kesho, kumi Jumapili, kila mmoja njia mbaya iliyopangwa vigingi, ukigusa kigingi alama zinakatwa. Des akishinda safari hii itakuwa mara ya tatu mfululizo, na kikombe kinakuwa chetu moja kwa moja. Garth anasema labda apite juu ya maiti yake. Wanaume wenye wajukuu, wanagombea kikombe cha bati!

Nami nakitaka pia. Sisemi uongo humu.


Jumamosi, 31 Mei

TUNAONGOZA!

Mvua tangu alfajiri, mbavu za vilima zote zinateleza kama sabuni. Magari kumi na tano yameanza, manne yamevutwa kwa kamba kabla ya chai.

Garth — lazima niandike hili nicheke hata nikiwa kizee — kaingia mtego wa pili kwa kishindo, tope likaruka hadi kofia ya Tipene, gari likazama palepale na magurudumu ya nyuma yakizunguka bure. Akakanyaga mafuta, akatukana, akamlaumu mungu wa mvua. Kumbe hakushuka kuzifunga habu za mbele, magurudumu ya mbele nayo yavute! Gari la fo-wili linavuta kwa miguu miwili tu! Miaka ishirini kwenye klabu. Lorna kamwambia mbele ya watu wote, "Baba Kelvin, na suruali umekumbuka kuivaa?" Nimecheka hadi mbavu zikauma.

Des ameendesha leo kama hajawahi. Kila mtego ameutembea kwa miguu, kama kawaida yetu wote — unautembea, unaupima, ndipo unarudi garini. Ila wengine wanatembea mara moja. Yeye anarudia na kurudia, na kila kigingi anakishika kichwani kwa kiganja. Garth hakukosa neno. "Mnaona? Des anavisalimia vigingi. Kesho ataviuliza habari za watoto."

Kisha tunaingia, mimi kushoto kwake, navigeta wake wa tangu enzi. Kulia kidogo. Kulia. Nyoosha. Kushoto sasa, kushoto, hapohapo! Na anatii! Mwanamume ambaye nyumbani nikimwambia vua viatu hanisikii. Leo nikisema kulia, ni kulia kabla neno halijatoka mdomoni. Nilijisikia malkia. Hatujagusa kigingi hata kimoja siku nzima. Mtego wa tisa, ule wa mteremko wenye mzizi, watu wamepiga makofi.

Nikamwambia, Des, hujawahi kunisikiliza hivi. Akasema, "Sauti yako ni nzuri ukiwa na hofu." Nimeona ni maneno ya mapenzi. Kwa kipimo cha Des, ni mapenzi.

Mawili tu yamenikera. Chai ameimimina mezani, kando ya kikombe, yote. Kasema ni mdomo wa thermosi. Halafu Lorna kanivuta pembeni. "Mumeo kaanza kiburi cha ubingwa? Nimempungia mkono, kanikodolea macho kama sanamu, akapita zake." Nikamwambia Des akiwa kwenye mashindano hata mimi hanijui. Hajanuna. Lorna hana kinyongo.

Miguu imelowa. Soksi zinakauka juu ya jiko pamoja na za watu kumi, harufu usiulize.


Jumapili, 1 Juni

Siwezi. 


Jumapili, baadaye

Nimekaa garini peke yangu. Naandika yote, kwa mpango, nisije nikayalainisha.

Asubuhi tulikwenda vizuri. Tukala chakula cha mchana bandani, soseji na mkate. Baada ya kula Tipene akasimama juu ya kreti, akasema mtego wa saba, ule wa kijito, kingo imechimbika vibaya, si salama. Vigingi vya kutokea vimehamishwa upande wa kulia, kila dereva akautembee upya.

Des hakuwepo. Alikuwa nje na kabureta ya Mavis. Mimi nilikuwepo, mikono kwenye povu, naosha sahani na akina mama. Nilisikia neno kwa neno. Sikumwambia.

Kwa nini nimwambie? Ndivyo nilivyowaza! Vigingi virefu kuliko mbuzi, vyekundu na vyeupe. Tukifika si tutaviona? Nani anapoteza muda kutembea upya kwa ajili ya lango moja?

Tukafika. Tukashuka kijitoni, maji hadi kwenye ekseli, injini inanguruma. Vigingi vipya viko kulia, peupe kabisa. Nikasema kulia. Des akasema, "Najua," akakata kushoto. Kushoto! Kule lilikokuwa lango asubuhi. Nikadhani ananitania. Nikasema kulia, Des, kulia! Akakanyaga mafuta kuipanda kingo.

Na Lorna yuko pale.

Amesimama palepale lango lilipokuwa, kwa sababu sasa ndiko nje ya njia, ndiko salama. Koti la mvua la rangi ya chungwa. Chungwa! Anaandika alama zetu, kichwa kainamisha, maana anajua tunakwenda kulia. Nilipiga kelele, Lorna! Lorna mbele! Mavis anapanda, boneti inainuka. Des anatazama mbele, macho wazi, uso umetulia — uso wa mtu anayeendesha vizuri.

Nikaugeuza ufunguo kuzima. Sijui mkono uliupataje. Mavis akagoma, akaruka, akafa.

Kimya. Kijito tu.

Lorna yuko chini, chali topeni. Tairi la mbele limesimama juu ya pindo la koti lake. Ilibidi avue koti ndipo atoke. Juu ya pindo! Ningechelewa pumzi moja —

Na Des akanigeukia, akaniuliza: "Tumegusa kigingi?"

Mungu wangu. Tumegusa kigingi!  Hakuwa anajifanya. Mwanamke yuko chini ya bampa, na mume wangu anauliza habari za kigingi.

Watu wakaja mbio. Lorna akanyanyuliwa, midomo myeupe, anacheka kile kicheko kisicho kicheko. Ni yeye aliyesema kwanza. "Breki, Des? Breki zimekufa?" Na Des — nilimwona akilidaka neno lile kama mtu anayezama anavyodaka jani. "Breki. Ndiyo. Breki zimekataa." Akashuka, akamwomba radhi, akamkumbatia, machozi yanamtoka. Machozi yalikuwa ya kweli. Breki ndizo zilikuwa za uongo.

Tipene akatutoa mashindanoni palepale, gari lisilo na breki halina nafasi. Hakuna aliyebisha. Garth akajitupa topeni chini ya Mavis na tochi. Alikaa huko muda. Alipotoka hakumwangalia Des, aliniangalia mimi. Akanisogelea, sauti ya chini. "Shemeji. Breki ni nzima."

Nikasema labda ni tope kwenye pedali. Labda buti liliteleza. Nilisema mimi! Ulimi wangu huu, bila kuombwa na mtu, tayari unamfichia!


Jumapili, jioni

Nimembana. Ndani ya gari, vioo vimefungwa, tumetazama uzio.

Nikamwonyesha vidole. Akasema acha upuuzi. Nikasema vingapi, Des. Akageuza kichwa pembeni, kama kuku anavyotazama punje, ndipo akasema vitatu. Vilikuwa vitatu. Nikamwambia nitazame usoni useme. Akanitazama usoni.  Kisha akasema, polepole: "Nikikutazama usoni, huna uso. Nikitazama sikio lako, naona mdomo kidogo."

Katikati hakuna kitu. Pembeni anaona, katikati kuna doa, kama mtu kapaka grisi. Macho yote mawili. Tangu lini? Tangu wakati wa Krismasi. Februari alikwenda mjini kwa daktari wa macho — siku ile aliyoniaga anakwenda kuulizia matairi! — na daktari akamwambia asiendeshe. Chochote. Hata trekta ya kukatia majani.

Kumbe ndiyo maana ya kushika vigingi. Kumbe ndiyo maana nikisema kulia inakuwa kulia. Malkia, eti! Nilikuwa fimbo ya kipofu, na nikajisifu humu humu, ukurasa uliopita.

Nikamuuliza, na basi la shule, Des?

Akasema njia ile anaijua. Miaka kumi na tisa. Kila kona, kila daraja, kila sanduku la barua.

Nikasema, na watoto je? Nao unajua kila mmoja amesimama wapi?

Akasema, "Wakiwa pembeni nawaona."

Wakiwa pembeni! Tangu Februari! Kila asubuhi na kila alasiri! Mimi nimesimama mlangoni na kanga ya jikoni, nampungia mkono, nampa chakula chake kwenye kopo, nenda salama mume wangu! Watoto ishirini na wawili!

Nilishuka, nikamwacha humo.

Garth kapewa kikombe. Hakukinyanyua. Kakiweka kwenye sanduku la spana na kukifunika kwa tambara.


Jumatatu, 2 Juni

Nimeendesha mimi. Hakuna aliyetaja goti.

Amezungumza tulipokaribia nyumbani. Hakubisha, hakufoka, afadhali angefoka. Cheti chake cha udereva wa basi kinaisha Agosti. Anachoomba ni hadi hapo tu. Atastaafu kwa heshima, shule itaoka keki, watoto watamchorea kadi. "Nisitoke kama mwizi, Noeline. Nikikosa basi mimi ni nani? Mzee anayesubiri kupelekwa dukani." Akalia. Nimelia pia, naendesha huku nalia, trela linanisukuma mgongoni. Nampenda mtu huyu. Hiyo ndiyo shida. Ningekuwa namchukia ningeshamaliza kazi jana.

Mficha maradhi kifo humuumbua, mama yake mwenyewe alikuwa akisema vitu vya namna hiyo. Lakini kifo hiki hakitamuumbua yeye. Kitakwenda kwa mtoto wa mtu aliyeinama kufunga kamba ya kiatu.

Nilipofika tu, simu. Garth. Hakusalimia. "Shemeji, Tui anapanda lile basi kesho asubuhi." Tui ni mjukuu wao, ana miaka sita, mkoba unamzidi mgongo. "Niambie neno moja tu. Ni breki, au si breki?"

Nilifungua mdomo. Des alikuwa amesimama mlangoni, kichwa kageuza pembeni ili anione.

Nikasema nitakupigia.

Nitakupigia! Swali la neno moja! Garth akakata simu bila kuaga.

Nikamwambia Des, umesikia. Mpigie mwalimu mkuu mwenyewe, sasa hivi, useme kwa mdomo wako. Wakikusikia wewe mwenyewe watakupa hiyo keki. Akasema kesho, baada ya zamu. Nikasema kesho hakuna zamu.  Akaenda jikoni, akapika chai, safari hii akaingiza kidole kikombeni apime ilipofika. Kumbe ndivyo anavyofanya nisipokuwepo. Akaniletea. Akakaa. Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau hadi wanifukie.

"Panda na mimi."

Sikuelewa.

"Asubuhi na alasiri. Kaa kiti cha mbele. Tutasema unanisaidia kuwahesabu watoto. Uniitie tu, kulia, kushoto, simama. Kama kwenye mitego. Jumamosi hatukugusa hata kimoja, Noeline. Hata kimoja!"

 Uso wake uling'aa! Alikuwa amelifikiria hili usiku kucha, ameona ni zawadi ananipa.

Na kitu kibaya kuliko vyote, nakiandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia: nililiona linawezekana. Kwa muda wa funda moja la chai. Nilijiona kiti cha mbele, naita, anatii, Agosti inafika, keki inakatwa, hakuna aliyejua. Ulinipendeza mpango ule.

Ndipo nikamkumbuka Lorna anavua koti.

Nikasema hapana. Akasema tutaongea. Akainuka, akavaa buti moja, akasema anakwenda uani kulijaza basi dizeli na kufuta vioo, kama kila jioni kabla ya shule. Kufuta vioo! Nilimwacha atafute buti la pili, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikachukua ufunguo wa basi pale msumarini, nikavuka ua mbio, mimi na miguu yangu hii.

Naandika ndani ya basi. Nimevuta wenzo wa mlango, umefungwa. Nimekaa kiti cha dereva. Kinanuka yeye, mafuta ya nywele na pipi za mnanaa anazowagawia Ijumaa. Giza linaingia lakini bado naona ua wote, naiona hadi paka juu ya tangi. Ufunguo nimeukalia.

Namba ya nyumbani kwa mwalimu mkuu ninayo, alinipa wakati wa mafuriko. Nimepiga. Simu nimeiweka hapa juu ya dashibodi, inaita. Sina la kusema lililopangwa. Nitaanza na jina langu, yatakayofuata yatafuata.

Inaita.

Des ametoka. Ameshaujua msumari hauna kitu. Anakuja, mkono mmoja mbele kidogo — jamani, mkono ule tangu lini ameanza kutembea hivyo, na mimi nilikuwa natazama wapi?

Inaita bado.

Kafika. Haji mlangoni. Anapapasa ubavu wa basi, kasimama, anagonga kioo. Si changu. Ni cha kule nyuma, kiti cha tatu. Taratibu, kwa kidole kimoja. "Noeline. Mke wangu. Nifungulie, tuongee."

Niko hapa mbele. Kioo changu kiko wazi nusu. Nikipumua kwa nguvu atanisikia.

Simu imepokewa. "Haloo? Haloo, nani mwenzangu?"

Des kule nyuma ameegemeza paji la uso kwenye kioo, anakibembeleza kiti kitupu.